Namna ya Kutambua Malengo na Ukuaji wa Kitaaluma wa Wafanyakazi: Mwongozo kwa Wasimamizi na Maofisa Rasilimali Watu

Katika taasisi nyingi za Tanzania, siku ya kumtambua mfanyakazi inajulikana, nayo ni Mei Mosi. Jina la mfanyakazi hodari wa idara husomwa, hati hutolewa pamoja na bahasha, picha hupigwa, na jambo huishia hapo mpaka mwaka mwingine. Utaratibu huu una heshima yake na sioni sababu ya kuufuta, lakini una pengo kubwa: humtuza mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na mara nyingi hauna nafasi ya kumtambua yule aliyejiwekea lengo la kujiendeleza, akalifuatilia kwa miezi 18 huku akiwa kazini, hatimaye akaja na ujuzi ambao taasisi haikuwa nao. Mhasibu msaidizi anayesoma usiku kwa ajili ya mitihani ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu), fundi wa jenereta aliyejifunza kazi kwa kuona na sasa anatafuta cheti, mhudumu wa mapokezi anayejifunza lugha ya alama ili awahudumie wagonjwa viziwi: watu wa namna hii wamo karibu katika kila mahali pa kazi, na wengine huhitimu bila msimamizi wao kujua kwamba walikuwa wanasoma.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga utaratibu wa kuwatambua watu hao mwaka mzima. Nimeuandika nikiwa na picha ya taasisi ya ukubwa wa kati, tuseme hospitali binafsi yenye wafanyakazi wapatao 80, ofisa rasilimali watu mmoja na wakuu wa idara sita au saba, ingawa hatua zake zinaifaa hoteli, shule, kiwanda kidogo au chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinautegemea: kumtambua mfanyakazi aliyekua ni kuibadilisha kazi yake ilingane na ukuaji wake. Pongezi zinazomrudisha mtu kwenye meza ileile, kwa majukumu yaleyale na sauti ileile katika vikao, humfundisha kwamba juhudi zake hazikuwa na maana kwa mwajiri.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni mnachokitambua

Kabla ya kuzungumzia tuzo, menejimenti ikae na wawakilishi wa wafanyakazi, pamoja na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, waandike ukurasa mmoja unaosema ni mambo gani yatakayotambuliwa. Napendekeza manne: mfanyakazi kujiwekea lengo la maana na kulifuatilia, kupata ujuzi mpya, kuutumia ujuzi huo katika kazi ya taasisi, na kuwafundisha wenzake. Mawili ya mwisho yapewe uzito mkubwa zaidi. Taasisi inayotambua vyeti peke yake hupata wakusanyaji wa vyeti, na watu wenye nafasi na fedha za kuhudhuria kozi ndio watakaoonekana kila mara, ilhali muuguzi aliyewafundisha wauguzi wapya watatu kuweka mpira wa mkojo kwa usalama hana karatasi yoyote ya kuonyesha.

Ukurasa huo utaje pia nani anaamua, kwa ushahidi gani, na mfanyakazi asiyeridhika ataenda kwa nani. Ubandikwe kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo hata walinzi na wafanya usafi wanapita, kwa sababu nao wanahusika.

Hatua ya pili: Fanya mazungumzo ya malengo, tena uyafanye kwa utulivu

Hapa ndipo utaratibu wote unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Mkuu wa idara amwite kila mfanyakazi faraghani, kwa dakika kama 45, katika siku iliyotangazwa mapema ili mtu aje akiwa amefikiri. Simu ziwekwe kando. Mazungumzo haya yasichanganywe na kikao cha nidhamu wala cha kudai ripoti zilizochelewa, maana mtu aliyeitwa akikaripiwa hawezi kusema ndoto zake.

Maswali yachaguliwe kwa kumfikiria anayeulizwa. Swali la "unajiona wapi baada ya miaka mitano" limezoeleka kwenye usaili, lakini mkuu wa idara mwenye miaka 32 akimuuliza muuguzi wa miaka 54, swali hilo halina adabu na halileti jibu lolote la maana. Kwake inafaa kusema: "Mama, kati ya kazi unazozifanya hapa, ni ipi ungependa kuona mwenzako mdogo anaiweza kama wewe kabla hujastaafu?" Jibu lake laweza kuwa lengo zuri kuliko kozi yoyote, kwa kuwa linamfanya kuwa mwalimu na linaiachia taasisi ujuzi wake. Kwa kijana aliyeajiriwa mwaka jana, uliza ni kazi gani anaogopa kuachiwa peke yake, na ni kitu gani kingemwondolea hofu hiyo.

Kuna mambo mawili yanayofanya wafanyakazi wafiche malengo yao, na msimamizi hana budi kuyasema yeye mwenyewe. La kwanza ni hofu kwamba anayesoma ataonekana anajiandaa kuondoka. La pili ni hofu ya msimamizi kupitwa na aliye chini yake, ambayo wafanyakazi huinusa upesi sana. Maneno ya wazi husaidia: "Ukihitimu na ukapata nafasi kubwa kwingine, nitakuandikia barua nzuri. Ukibaki, tutatafuta namna ya kukupa kazi inayolingana na elimu yako." Mkuu wa idara asiyeweza kusema hivyo kwa dhati asaidiwe kwanza na mkubwa wake kabla ya kukabidhiwa mazungumzo haya.

Lengo lenyewe liandikwe kwa namna ambayo mtu wa tatu akilisoma anaweza kujua kama limefikiwa. "Kuboresha ujuzi wa kompyuta" halitoshi. Linganisha na hili: "Ifikapo mwisho wa Machi, niweze kuandaa ripoti ya mwezi ya stoo ya dawa kwa Excel bila msaada wa mhasibu, na mkuu wa stoo aikague miezi miwili mfululizo bila kukuta kosa la hesabu." Chini yake iandikwe ahadi ya mwajiri: "Idara itampa saa mbili kila Jumatano alasiri na kompyuta ya stoo." Lengo lisilo na ahadi ya upande wa pili ni mzigo aliotwishwa mtu mmoja.

Edwin Locke na Gary Latham, watafiti waliojenga nadharia ya uwekaji malengo, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu atende vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo", mradi awe amelikubali mwenyewe na awe anapewa mrejesho. Tafiti zilizofuata, ambazo Latham naye alishiriki, ziliongeza jambo ambalo wasimamizi wengi hawalizingatii: kazi inapokuwa ngeni na ngumu kwa mtu, lengo la kujifunza humsaidia zaidi kuliko lengo la idadi ya matokeo. Kwa hiyo ofisa mpya wa bima asiwekewe lengo la "kupunguza madai yanayokataliwa" katika miezi yake mitatu ya kwanza. Awekewe lengo la kubaini sababu kuu zinazofanya madai yakataliwe, na kueleza njia ya kuzuia kila moja. Lengo la idadi litakuja akishaielewa kazi.

Malengo mawili kwa mwaka yanatosha, moja la kazi iliyopo na moja la ukuaji. Ukiona mfanyakazi ameandika matano, mfanye achague.

Hatua ya tatu: Andika, hifadhi, na ufuatilie

Karatasi ya malengo isainiwe na pande zote mbili, nakala moja abaki nayo mfanyakazi na nyingine iingie katika jalada lake. Watumishi wa umma wa Tanzania wanaufahamu utaratibu wa aina hii tangu OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi kwa kutumia fomu, ilipoanza kutumika mwaka 2004, na sasa wamo katika mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji uitwao PEPMIS. Funzo kubwa la miaka ya OPRAS ni kwamba fomu nzuri haiokoi utaratibu ikiwa watu wanaijaza mwishoni mwa mwaka, wote kwa siku moja, kwa sababu tu inahitajika ili mtu apandishwe cheo. Mwajiri binafsi asiyelazimika kutumia mfumo wowote ana nafasi ya kuanza na ukurasa mmoja unaosomwa kweli.

Kusomwa kweli maana yake ni dakika 15 kila mwezi. Msimamizi anauliza mambo matatu: umefika wapi, ni nini kimekukwamisha, na je, ahadi yetu tumeitimiza? Swali la tatu ndilo linalojenga imani. Ikiwa zile saa mbili za Jumatano zimemezwa na foleni ya wagonjwa kwa wiki nne, msimamizi akiri hilo na atafute siku nyingine papo hapo. Majibu yaandikwe kwa mistari miwili, yawekwe tarehe, basi.

Hatua ya nne: Kusanya ushahidi unaomstahili kila mtu

Kwa mwenye kozi rasmi, ushahidi ni rahisi: matokeo, cheti, leseni iliyohuishwa. Kwa asiye na karatasi, ushahidi unapatikana kwa kuiangalia kazi yenyewe. Msimamizi amtazame akiifanya, mwenzake aliyefundishwa naye aeleze alichojifunza, na kazi ya kabla ya lengo ilinganishwe na ya baada yake.

Mafundi wanastahili neno la ziada. Fundi bomba, fundi umeme au mpishi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, inausimamia. Mwajiri anayemsaidia fundi wake kujiandikisha, kupata ruhusa ya siku za upimaji na kujaza fomu, anamfanyia jambo litakalobaki naye maisha yake yote. Waajiri wanaolipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayojulikana kwa kifupi kama SDL, wanapaswa kukumbuka kwamba sehemu ya fedha hizo huenda kugharimia mafunzo ya ufundi stadi. Haipendezi taasisi iilipe mwaka baada ya mwaka na mafundi wake wenyewe wasiguse mlango wa chuo.

Hatua ya tano: Chagua utambuzi unaolingana na alichokifanya mtu

Anza na maneno, kwa kuwa hayana gharama na kwa kuwa ndiyo hutolewa vibaya kuliko yote. "Hongera kwa kazi nzuri" haimwambii mtu kitu. Barua ya pongezi iseme alichokusudia, alichokifanya, na kilichobadilika. Mfano:

"Mwezi Oktoba ulijiwekea lengo la kuandaa ripoti ya stoo ya dawa bila msaada. Ripoti zako za Februari na Machi zimekaguliwa na hazikuwa na kosa, na idara ya fedha sasa inafunga hesabu za mwezi siku mbili mapema. Kuanzia Aprili utaisimamia ripoti hii wewe, na utahudhuria kikao cha bajeti cha robo mwaka kuieleza."

Sentensi ya mwisho ya barua hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inampa mfanyakazi mamlaka. Utambuzi wa namna hii una sura nyingi: kukaimu nafasi ya msimamizi anapokwenda likizo, kuingia katika kamati ya ununuzi, kuwa msimamizi wa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kuiwakilisha taasisi kwenye mkutano wa taaluma yake. Anayekaimu apewe barua ya kukaimu na posho inayostahili. Kumwachia mtu kazi ya mkubwa wake kwa miezi sita kwa jina la kumkuza, bila barua wala malipo, ni kumtumia.

Muda ni zawadi ambayo waajiri wengi huisahau. Kwa mhasibu anayejiandaa kwa mitihani ya NBAA ya Mei au Novemba, wiki mbili za kutopangiwa kazi za ziada jioni zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko bahasha. Mpange mapema, kwa kuwa tarehe za mitihani hutangazwa kabla.

Kulipa ada, yote au nusu, ni msaada mkubwa, nao unahitaji masharti yaliyoandikwa. Taasisi nyingi huweka mkataba unaomtaka mfanyakazi abaki kwa kipindi fulani baada ya masomo au arejeshe sehemu ya gharama. Mkataba huo uwe wa haki: muda wake ulingane na gharama, deni lipungue kadiri miezi ya utumishi inavyopita, na mtu ausome na kuuelewa kabla ya kusaini. Nimeona mikataba inayomfunga mtu miaka mitatu kwa semina ya wiki moja, na matokeo yake ni wafanyakazi kuyakimbia mafunzo.

Kuhusu fedha taslimu, tahadhari inahitajika. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kwa kutatua mafumbo walipunguza hamu ya kuyatatua malipo yalipokoma, ilhali kusifiwa kwa maneno hakukuwa na athari hiyo. Hilo lisiwe kisingizio cha kumnyima mtu nyongeza anayostahili. Kazi ikiongezeka uzito, mshahara upande, na ikiwa muundo wa vyeo hauna ngazi inayomfaa, muundo ufanyiwe marekebisho. Ninachokionya ni ile tabia ya kulipa kiasi kidogo cha papo kwa papo kwa kila hatua ya kujifunza, hadi watu waanze kuuliza bei kabla ya kuuliza faida. Tena kumbuka kwamba bonasi ya fedha ni sehemu ya kipato cha ajira, hivyo zungumza na mhasibu kuhusu makato ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kabla hujatangaza kiasi mbele za watu.

Hatua ya sita: Uliza kabla ya kutangaza

Wapo wanaofurahi kusimamishwa mbele ya wenzao na wapo wanaoona haya, na wapo pia wenye sababu zao za kutotaka ndugu, wapangaji wenzao au wadai wao wajue wamepanda cheo. Muulize mhusika. Matokeo ya mitihani ni taarifa za mtu binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kuyaweka matokeo au picha yake katika kundi la WhatsApp la ofisi kabla ya kupata ridhaa yake ni kosa la adabu na linaweza kuwa la kisheria.

Akikubali, tangazo lifanywe katika kikao cha kawaida cha idara, na yeye mwenyewe apewe dakika kumi kueleza alichojifunza. Wenzake watanufaika, nao wataona kwamba njia hiyo iko wazi kwao.

Hatua ya saba: Mtunze asiyefika

Mtihani wa bodi ni mgumu, na mtu anaweza kusoma kwa bidii mwaka mzima akafeli masomo mawili. Jinsi taasisi inavyomtendea mtu huyo ndivyo wengine wote watakavyopima kama inathamini juhudi au inathamini ushindi peke yake. Msimamizi amwite ndani ya siku chache, kabla ya maneno ya korido hayajamfikia, amweleze wazi kwamba rekodi ya juhudi zake imo katika jalada, kisha wapange pamoja kikao cha mitihani kinachofuata. Ruhusa aliyopewa mwanzo isigeuzwe kuwa lawama.

Lengo linaweza pia kukwama kwa sababu ya maisha. Mama aliye katika likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ya ajira ya Tanzania Bara ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, asihesabiwe kuwa ameshindwa. Tarehe ya lengo lake isogezwe kwa siku hizohizo, na nafasi yake ya kufikiriwa kwa kozi au cheo ibaki palepale. Hivyohivyo kwa aliyeugua au aliyeuguza. Mambo haya yaandikwe kwenye ule ukurasa wa hatua ya kwanza, ili haki ya mtu isitegemee moyo wa msimamizi.

Hatua ya nane: Linda haki

Adui mkubwa wa utaratibu huu ni zamu na upendeleo. Katika ofisi nyingine tuzo huzungushwa, mwaka huu idara hii na mwaka ujao ile, ili kuepusha manung'uniko, na kila mtu anajua. Katika nyingine majina yaleyale ya walio karibu na mkurugenzi hurudi. Dawa ya yote mawili ni kuweka kamati ndogo ya watu watatu au wanne, akiwemo mwakilishi aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe, ambayo inasoma karatasi za malengo na ushahidi, inaandika sababu ya kila uamuzi kwa aya moja, na iko tayari kumweleza asiyechaguliwa kilichopungua. Mjumbe mwenye undugu na anayejadiliwa atoke nje.

Kila baada ya miezi sita, ofisa rasilimali watu apange orodha ya waliotambuliwa kwa idara, jinsia, ngazi ya mshahara na aina ya mkataba. Ikiwa wafanya usafi, walinzi na wa zamu za usiku hawamo, tatizo haliko kwao. Huenda mkuu wao hajawahi kukaa nao kwa zile dakika 45, au mazungumzo yalipangwa saa nne asubuhi wakati wafanyakazi wa zamu ya usiku wamelala. Mkuu huyo apangiwe kuja saa moja usiku, zamu inapoanza, akae nao.

Hatua ya tisa: Funga hesabu ya mwaka na ufungue mpya

Kwa taasisi inayofuata mwaka wa fedha wa Julai hadi Juni, mazungumzo ya malengo yafanyike Julai, mapitio makubwa Januari, na kamati ikutane mwanzoni mwa Aprili ili Mei Mosi iwakute na majina yenye sababu. Bajeti ya mafunzo iandaliwe kwa kuzisoma karatasi za malengo, kazi inayochukua siku moja na kuokoa fedha nyingi zinazopotelea kwenye semina ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mwezi Juni, jibu maswali haya kwa takwimu za taasisi yako mwenyewe: ni wafanyakazi wangapi walikuwa na lengo la ukuaji lililoandikwa, wangapi walipata mazungumzo ya kila mwezi angalau mara nane, ahadi ngapi za mwajiri zilitimizwa, na kati ya waliopata ujuzi mpya, wangapi kazi yao ilibadilika ndani ya miezi mitatu. Hesabu ya mwisho ndiyo ipelekwe kwenye kikao cha bodi. Kisha kila mkuu wa idara apewe orodha ya walioahidiwa jambo na hawakulipata, ili mazungumzo ya Julai na watu hao yaanzie kwenye ahadi hiyo kabla ya kuzungumzia lengo jipya.